Jicho la Kushoto la He Xiangu

Wiki niliyostaafu na kurudisha ufunguo wa karakana, Saida alinifuata kwenye kahawa ya mchana na sura ya mtu aliyeona panya ndani ya kabati la hariri. Saida ndiye aliyerithi meza yangu. Ni mtoto wa watu wa Tanga, kazaliwa hapa hapa Stockholm. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu nusu Kiswahili, nusu Kiswidi, na kahawa anaigugumia kama Mswidi hasa, kikombe juu ya kikombe, mpaka unaogopa moyo wake utarukia mezani.

"Mama Zawadi," akasema, "lile pazia jekundu la Kichina. Yule mwanamke mwenye ua la yungiyungi. Macho yake si ya zamani. Uzi ni mpya, na jicho la kushoto limepinda. Kwenye jalada kumeandikwa tu kwamba yalishonwa baadaye, nje ya makumbusho. Naona tuyatoe."

"Uyatoe?"

"Ndiyo sheria, mama. Si wewe uliyenifundisha?"

Ni mimi niliyemfundisha. Kilichoongezwa baadaye, kikaharibu mkono wa mshonaji wa kwanza, kinatolewa taratibu, uzi mmoja mmoja. Nikamwambia asubiri, asiguse, nitamweleza. Mara wakaingia watu na keki na maua, mkuu wa idara akatoa hotuba nzuri mpaka nikageuka nyuma kuangalia anamsifu nani, na siku ikaisha. Sikumweleza. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachonitoka bila kukwama kooni. Saida atawasomea wenzake. Mradi asishike mkasi kabla hajafika mwisho.

Nilifika nchi hii na Zawadi na wadogo zake, baridi, na sanduku moja ambalo zipu yake ilikufa njiani. Kazi ya kwanza nilisafisha sakafu katika hospitali kubwa ya Flemingsberg, korido ndefu kiasi kwamba ukianza kupiga deki ukiwa kijana unafika mwisho ukiwa na mvi. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima, ile wanayoiita Komvux. Nilikaa pale jioni nyingi mno hata wageni walidhani mimi ni sehemu ya jengo. Mwalimu akauliza siku moja kila mtu anajua kazi gani ya mikono. Nikasema masista wa Bukavu walinifundisha kutarizi foronya na vitambaa vya meza. Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka, akaandika mahali, na baada ya muda nikapelekwa kujaribiwa katika karakana ya vitambaa ya makumbusho moja hapa mjini.

Aliyenipokea aliitwa Gunvor. Alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme na maneno yake yalikuwa machache, kana kwamba aliyanunua ghali. Huku hata profesa unamwita jina lake tu, bila Bwana wala Bibi, na mimi kwa wiki za mwanzo ulimi ulikataa kabisa. Nikawa namwita Mama Gunvor. Akanivumilia siku kadhaa, kisha akaniambia, "Espérance, sina watoto."

Nikamjibu, "Bon, sasa unaye."

Hakucheka, lakini hakunikataza tena.

Siku ya kwanza alinipa kipande cha hariri kilichochakaa, cha kujifunzia, na sindano iliyopinda kama ukucha wa paka. Nikafikiri ameniletea iliyoharibika. Kumbe ndiyo yenyewe: kitambaa kikongwe hukikunji wala hukiinui, kinalala mezani kama mgonjwa, na sindano inaingia na kutoka upande uleule wa juu. Nikaanza. Mkono ukawa unaning'inia hewani na kutetemeka. Gunvor akaja, akaweka kiganja chake chini ya kifundo cha mkono wangu, akakibeba. Basi. Ule uzito wote ukamwendea yeye, na sindano ikatulia. Nimesoma shule ya masista na shule ya jioni, lakini kama kuna somo moja lililonilisha miaka yote ile, ni lile la kiganja.

Vifaa vingine mtavikuta kwenye droo yangu. Pini za watu wanaokusanya wadudu, kwa sababu ni nyembamba kuliko pini za fundi cherehani. Vizito vya kioo. Kibanio ambacho Gunvor alikinoa mwenyewe. Msimwazime mtu. Ile hariri ya kufunikia iliyo nyembamba kama pumzi ya mtoto: ukipiga chafya chumba hiki unaifuata mpaka Märsta, nje ya mji kabisa. Na brashi ya manyoya laini ya kuondolea vumbi, ambayo mtu ye yote akiitumia kupaka rangi, namlaani hata nikiwa pensheni.

Kazi za Kichina zilikuja baadaye, nikiwa nimeshaajiriwa. Droo ya kwanza niliyofunguliwa ilikuwa na joho la kuhani wa Dao, dini ya kale ya Wachina, la buluu, mgongoni nyota na minara na korongo wanaopaa. Nikamwuliza Gunvor mbona uzuri wote uko mgongoni, mbele hakuna kitu. Akasema kuhani anasimama akitazama madhabahu, kwa hiyo waumini wanaona mgongo wake, na mbingu yote inatarizwa pale wanapotazama. Nilikaa na jambo lile siku nzima.

Kanisani kwetu Fittja, dada mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya kila mtu asikie, "Eti mama, unalipwa kwa kuwafulia miungu?"

"Siwafulii," nikamwambia. "Hawavumilii maji."

Watu wakacheka, lakini jioni ile nilimwuliza Gunvor, ambaye sijawahi kumwona akiingia kanisa lo lote, tunawashikaje hawa. Akasema, "Mshike kila mmoja kana kwamba mwenye kumwomba amesimama nyuma yako." Sikupata mchungaji aliyenijibu vizuri zaidi.

Sasa nafika kwenye pazia jekundu.

Lililetwa na mama mmoja wa Kichina mwenye mgahawa kule Märsta, unaolisha wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Binti yake anaitwa Mei, kwa hiyo kwangu akawa Mama Mei tangu dakika ya kwanza, na alipoelewa kwa nini, alifurahi akaanza kuniita Mama Zawadi. Bomba lilikuwa limepasuka juu ya stoo yake, pazia likalowa upande. Makumbusho yakakubali kulitengeneza, naye akakubali lioneshwe kwanza kwenye maonyesho ya hariri, kisha arudishiwe.

Ni pazia la ukutani, la kumtakia mzee maisha marefu siku anapotimiza miaka sitini. Satini nyekundu, ukubwa wake tulipolitandaza mara ya kwanza niliona kama limefunika nusu ya Uswidi. Juu yuko Malkia Mama wa Magharibi, mwenye bustani ya mapichi yanayoiva mara moja kwa miaka elfu tatu, anayekula hafi. Chini yake wanakuja Wasiokufa Wanane, kila mmoja na kitu chake mkononi cha kumtambulisha. Kuna kilema mwenye gongo la chuma na kibuyu cha dawa. Kuna mzee aliyepanda punda kinyumenyume. Akimaliza safari anamkunja yule punda kama karatasi na kumtia kwenye kisanduku, jambo ambalo nimelitamani kila nilipokosa basi kwenye theluji. Kuna wa upanga, wa upepeo, wa filimbi. Na kuna mwanamke, He Xiangu, ameshika bua refu la yungiyungi, ua linalotoka kwenye matope likiwa safi. Pembeni korongo mweupe, ndege anayewabeba wasiokufa, na kuzunguka wote mawingu ya rangi tano.

Sasa sikilizeni, hapa ni kazi. Katika kazi za zamani, uzi mweusi ndio hufa kwanza. Dawa ya rangi nyeusi ilitiwa chuma, na chuma kile kinaila hariri polepole kutoka ndani. Ndiyo maana mtakuta nyuso zimebaki nzuri lakini ndevu zimepukutika, nyusi zimekwenda, na macho yamekuwa mapengo. Kwenye pazia hili ndevu za wazee wawili zilikuwa zimekuwa unga. Na He Xiangu hakuwa na macho. Sisi wote, Gunvor, mimi, na mkuu wa idara, tukasema neno lilelile: yameoza. Tukapanga kuweka kitambaa chenye rangi nyuma ya mapengo, ili mtazamaji asijikwae pale. Hatushoni upya. Gunvor alikuwa ameliandika kwa kalamu nene na kulibandika ukutani: HATUONGEZI KITU.

Asubuhi moja tuliuinamia ule uso na vioo vya kukuzia, Gunvor upande mmoja, mimi mwingine, vichwa vikikaribia kugongana.

"Nioneshe tundu," akasema.

"Tundu gani?"

"La sindano. Uzi ukioza, tundu linabaki. Kwenye ndevu yapo."

Kwenye ndevu yalikuwepo kweli, kama njia ya siafu. Kwenye uso wa He Xiangu nilitafuta mpaka machozi yakanitoka kwa mwanga wa taa. Nyuzi za uso zimelala sambamba, laini, hazijatobolewa popote.

"Hakuna," nikasema.

Gunvor akaketi. Akavua miwani. "Basi hayakuoza," akasema. "Hayajawahi kuwepo."

Tukamwita Mama Mei. Alikuja na bakuli la maandazi ya nyama yaliyopikwa kwa mvuke, maana alikuwa hawezi kuingia mahali mikono mitupu, nasi tukala kule nje kwenye korido, kwa sababu chakula na hariri havikai chumba kimoja. Yeye mwenyewe hakujua lo lote. Alikua akiliona lile pazia siku za sikukuu na hakuna aliyemwambia kitu. "Nitamwuliza mama," akasema. Mama yake, Bibi Lin, alikuwa amelazwa Flemingsberg, na madaktari walikuwa wameshaanza kusema naye kwa ile sauti ya chini.

Alirudi kesho yake, bila bakuli. Akaketi kwenye kiti cha Gunvor, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuthubutu.

Pazia lile, akasema, lilishonwa na wasichana wawili, Bibi Lin na dada yake mkubwa, kwa ajili ya baba yao. Dada alishona nyuso kwa sababu alikuwa na mkono wa nyuso. Bibi Lin, mdogo, alipewa mawingu. Macho hushonwa mwisho kabisa, kwa sababu sura ikishapata macho inahesabiwa kwamba imefika, inakutazama, na huwezi tena kuikunja na kuirusha kikapuni kama kitambaa. Dada akaweka macho ya wote, akaacha ya He Xiangu. Akamwambia mdogo wake, "Haya ni yako. Utayaweka siku mkono wako ukitulia." Baba yao akalitundika hivyo hivyo, akacheka, akasema hana haraka. Kisha vita vikaja, dada akachukuliwa njia yake na mdogo njia yake, na hawakuonana tena. Bibi Lin alilibeba lile pazia kutoka nchi hata nchi, na kila mwaka akasema mkono haujatulia.

"Sasa mkono wake unatetemeka mchana kutwa," Mama Mei akasema. "Na jana ameniambia nimpelekee. Anataka kuyaweka."

Mkuu wa idara alikuwa amesimama mlangoni. Ni mtu mpole, sina ubaya naye. Akasema anasikitika sana, lakini hilo haliwezekani, ni kitu dhaifu, kimeshaingizwa kwenye maonyesho, na hakuna karakana duniani inayomruhusu mgonjwa ashone juu ya kazi ya kale.

Mama Mei akainuka. "Kazi ya kale? Mwenye kazi yuko hai! Yuko wodini, hali chakula, anamngoja He Xiangu! Mnataka afe kwanza ndipo iwe ya kale vizuri?"

Mimi niliutazama ule ukuta wenye HATUONGEZI KITU, na nakiri kwamba sikuona upenyo. Nilikuwa naiamini ile sheria. Naiamini mpaka leo.

Gunvor alikwenda akajimiminia kahawa, akainywa yote amesimama, polepole, mpaka nikataka kumtikisa. Ndipo akamgeukia mkuu.

"Sheria ile niliiandika mimi," akasema. "Niliiandika ili kumlinda mshonaji na mikono yetu. Sikuiandika kumlinda na mkono wake mwenyewe."

"Lakini, Gunvor, hapa ndani..."

"Si hapa ndani. Mwenye pazia analichukua kwa siku moja. Mimi na Espérance tunakwenda kuona kwamba halikunjwi."

Mkuu akasema kama ni siku moja, gari la makumbusho liko huru Alhamisi.

Tulilizungushia kwenye mwanzi mnene, likiwa na karatasi laini kila zunguko, tukalibeba kama jeneza la mfalme. Flemingsberg nilijua kila lifti. Nilipita korido nilizokuwa napiga deki, sasa nimeshika upande mmoja wa mbingu, na muuguzi mmoja aliyenikumbuka akauliza, "Espérance, hilo ni zulia?" Nikamwambia ni wageni.

Bibi Lin alikuwa mdogo kitandani, amebaki macho na vidole. Tukasogeza meza ya chakula, tukafunua kipande kimoja tu, pale alipo He Xiangu. Hakumtazama kwanza. Alitazama mawingu, akasema kitu kwa ukali.

"Anasema mawingu ni mabaya," Mama Mei akatafsiri. "Anasema alikuwa mvivu."

Nikatoa uzi mweusi wa hariri niliouleta. Akaushika baina ya vidole, akautupa.

"Anauliza hii ni kamba ya kufungia mbuzi?"

Ikabidi niupasue kwa ukucha, uzi utoe nyuzi, na nyuzi zile zitoe nyingine, mpaka nikashika kitu ambacho sikukiona, nilikihisi tu. Hapo akaitikia kwa kichwa. Masista wa Bukavu hawakuwahi kunitesa hivyo.

Alipoinua sindano, mkono ulitetemeka kiasi kwamba ncha ilikuwa inachora duara hewani. Alijaribu, akashusha. Akajaribu, akashusha. Mama Mei akageuza uso. Mimi sikufikiri. Niliweka kiganja changu chini ya kifundo cha mkono wake, nikakibeba. Ulikuwa mwepesi kama korongo yule. Nilisubiri. Uzito ukanijia wote, na sindano ikatulia.

Jicho la kulia lilikwenda vizuri, jeusi, lenye uhai. Gunvor alikuwa amesimama dirishani ametugeuzia mgongo. Katika maisha yake yote hakuwa amevumilia kumwona mtu akitoboa tundu jipya kwenye hariri, na siku ile hakutaka kujua kama angeweza. Katika jicho la kushoto Bibi Lin alikohoa. Sindano ikaruka kidogo nje, yeye akaendelea kutoka pale pale iliposhukia, mpaka mwisho, akakata uzi.

Jicho lilikuwa limepinda. He Xiangu alikuwa anatazama pembeni kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chumba kingine.

Nikamwomba Mama Mei amwulize kama nilifumue, arudie. Bibi Lin akajibu taratibu, na Mama Mei akakaa kwanza kabla ya kutafsiri.

"Anasema dada yake angelifumua. Angecheka, angempiga kidole, angemwambia rudia. Sasa amebaki nani wa kumwambia rudia?"

Tukaliacha.

Bibi Lin alifariki kabla ya theluji kuyeyuka. Mama Mei alikuja karakana mwenyewe kutuambia, na siku ile hakuna aliyekumbuka kwamba chakula hakiruhusiwi. Baada ya maonyesho akaliacha pazia kwetu, akasema stoo yake ina mabomba na ukuta wetu hauna. Gunvor aliandika kwenye jalada kile kilichokuwa kweli: yameshonwa baadaye, nje ya makumbusho, kwa uzi mpya. Hakuandika zaidi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na sasa naye hayupo wa kuulizwa.

Mimi nami foronya niliyoiacha Bukavu, sindano ikiwa bado imechomekwa, sijui iliishia wapi. Labda panya, labda jirani. Simlaumu mtu.

Basi, Saida, umeona vizuri. Uzi ni mpya, na jicho limepinda, na sheria ni ile ile niliyokufundisha. Tunatoa kilichoongezwa. Lakini macho yale hayakuongezwa, mwanangu. Yalichelewa.

Mwaka ujao pazia linatakiwa kuondolewa vumbi. Utumie brashi ya manyoya laini, droo ya pili, mkono mwepesi, kutoka juu kwenda chini: Malkia kwanza, kisha wazee, kisha mawingu ya yule mvivu. Kwa He Xiangu anza na ua, shuka na bua, pita shavuni. Ukifika kwenye macho, zunguka.